Shajara ya mradi wa gari la shamba: RAV4 au Grand Vitara

Mei, mvua zikiwa zimekatika

Kwa sisi tunaolima nje ya Lubumbashi, Kongo, huu ndio wakati wa kutafuta gari, ingawa una faida na hasara zake. Njia zimekauka na mtu anaweza kuzunguka kukagua magari bila kuchelewa, lakini ukavu huohuo unaficha udhaifu ambao mnunuzi atauona Desemba akiwa amekwama na mzigo. Mradi huu ni wangu na wa yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ambaye ndiye anayesimamia shamba letu la upande wa barabara ya Kasenga. Fedha tumeziweka pamoja, na tumekubaliana kwamba hakuna atakayetoa hata dola moja ya kishikizo (malipo ya awali) kabla hatujajibu kwa maandishi maswali yote tuliyojiwekea. Ninaiandika shajara hii ili hoja zetu zisigeuke kila tunapokutana na muuzaji mwenye maneno matamu.

Tulianza na kazi, si na gari. Siku za juma gari litazunguka mjini, kati ya Bel-Air ninakoishi, sokoni na ofisini. Mara kwa mara litakwenda Likasi, yaani kilomita 120 za lami kwenye Barabara ya Taifa namba 1, katikati ya malori ya shaba yanayotoka Kolwezi kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mwisho wa juma litakwenda shambani, na huko ndiko kwenye shida: ukishaiacha barabara ya Kasenga unafuata njia ya udongo mwekundu inayoshuka hadi kwenye dembo, lile bonde la majani ambalo kiangazi ni gumu kama uwanja wa mpira na wakati wa mvua linameza gurudumu hadi kwenye ringi. Mzigo utakuwa magunia ya mahindi, mbolea na makreti ya mayai, na mara nyingine mama yetu, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kupanda gari refu.

Prado tuliiondoa mapema kwa sababu ya bei, na gari dogo la mjini tuliliondoa kwa sababu ya dembo. Yamebaki magari mawili ya kimo cha kati. La kwanza ni Toyota RAV4 ya kizazi cha tatu, iliyoanza kuuzwa Japani Novemba 2005, na la pili ni Suzuki Grand Vitara ya muundo uliotoka mwaka huohuo, ambayo Wajapani wanaiita Escudo. Yote mawili yana milango mitano, yanatumia petroli, na yamebeba tairi la akiba kwenye mlango wa nyuma. Ukiyaweka pamoja kwenye uwanja wa muuzaji, mtu asiyeinama kuangalia chini atasema ni magari ya aina moja.

Mei, baadaye

Nimetumia jioni kadhaa kusoma jinsi magari haya yalivyojengwa, kwa sababu yaya aliniuliza swali rahisi ambalo sikutaka kulijibu kwa kubahatisha: ikiwa yote mawili ni katre-katre, yaani ya magurudumu manne yanayosukuma, tofauti iko wapi?

RAV4 ya kwanza ya mwaka 1994 ilitokana na magari madogo ya abiria, na ukoo huo haujabadilika. Injini imelala kwa upana, nguvu inakwenda kwanza kwenye magurudumu ya mbele, na magurudumu ya nyuma yanaitwa kusaidia na kiungo kinachoendeshwa kwa umeme pale mbele panapoanza kuteleza. Kuna kitufe cha kulazimisha kiungo hicho kifunge, lakini kinajifungua chenyewe gari likizidi kilomita 40 kwa saa. Giaboksi ya zile zilizouzwa Japani ni CVT, isiyo na gia za hatua, na haina gia ya chini ya kupandia.

Vitara ilianza mwaka 1988 ikiwa gari la chasi ya ngazi, yaani fremu ya chuma inayobeba bodi juu yake. Katika muundo wa 2005 chasi hiyo imechomelewa ndani ya bodi yenyewe, injini imelala kwa urefu, na magurudumu yote manne yanasukuma wakati wote kupitia difu ya katikati (seti ya gia zinazoruhusu magurudumu kuzunguka kwa kasi tofauti) inayogawa nguvu asilimia 47 mbele na 53 nyuma. Difu hiyo inaweza kufungwa, na juu ya hapo kuna transfa, giaboksi ndogo ya pili, yenye gia ya chini, ambayo inaliwezesha gari kutembea polepole sana huku injini ikiwa na nguvu ya kutosha. Katika magari ya kimo na bei hii, hicho ni kitu adimu.

Kwa maandishi, basi, Suzuki ni gari la udongo linalovumilia lami, na Toyota ni gari la lami linalovumilia udongo. Hata hivyo sipendi kununua maandishi. Kilomita nyingi za gari letu zitakuwa za lami, na yaya alinikumbusha hilo kwa ukali unaostahili.

Juni, wiki ya kwanza

Somo la kwanza la uwanjani lilihusu kibao cha chasi. RAV4 za Japani zenye injini ya lita 2.4 zina namba mbili zinazofanana mno: ACA31W ni ya magurudumu manne, na ACA36W inasukumwa na magurudumu ya mbele peke yake. Kwa nje hakuna kinachozitofautisha, kwa kuwa bodi, viti na tairi la mgongoni ni vilevile.

Muuzaji mmoja wa mjini alituonyesha RAV4 ya rangi ya fedha, safi sana, akaisifia kwamba haijawahi kushindwa na tope. Nilifungua boneti nikasoma kibao: ACA36W. Fundi wetu, mtu mzima asiyependa maneno mengi, alitandika boksi chini akalala chali, kisha akaniita. «Dada, inama uangalie nyuma.» Kati ya magurudumu ya nyuma hapakuwa na difu, wala hapakuwa na propela shafti inayotoka mbele, palikuwa na nafasi tupu na bomba la moshi linalopita pembeni. Muuzaji alishangaa kuliko sisi. «Lakini RAV4 zote ni katre-katre, mama,» alisema, na ninaamini alisema alichokijua. Bei aliyoitaka ilikuwa ileile ya gari la magurudumu manne. Tulimshukuru, tukaondoka. Naomba kila anayetafuta RAV4 katika mji huu asome kibao kabla ya kusikiliza maelezo, na akishasoma ainame.

Juni, baridi imeanza

Tumepata magari mawili ya kulinganisha kweli. RAV4 ni ACA31W iliyotoka Japani, usukani uko kulia, ina CVT. Grand Vitara ilitoka Ubelgiji, usukani uko kushoto, injini ni ya lita 2.0 na gia ni tano za mkono. Wenye magari wote wawili wamekubali tuyajaribu mradi mafuta yawe yetu na fundi awepo.

Suala la usukani nimelipa nafasi kubwa kuliko nilivyotazamia. Magari mengi ya Lubumbashi yanashushwa melini Dar es Salaam, yanavuka Tunduma, yanapita Zambia nzima na kuingilia Kasumbalesa, safari ya takriban kilomita 2,000, na kote huko wanaendesha kushoto, kwa hiyo usukani wa kulia unafaa. Kuanzia Kasumbalesa tunaendesha kulia, na usukani huohuo unamweka dereva upande wa majani. Mjini watu wamezoea. Kwenye barabara ya Likasi, nyuma ya lori lililobeba shaba, hali ni nyingine kabisa: dereva wa usukani wa kulia haoni mbele mpaka atoe nusu ya gari kwenye njia ya wanaokuja, au amwombe abiria wa kushoto amwambie kama ni salama. Nilipokuwa naendesha RAV4, yaya alikaa kushoto akawa anasema «bado, bado, sasa», nami nikawa namtegemea kwa uhai wangu na wake. Siku nitakayorudi peke yangu na makreti matupu, nani atasema «sasa»? Wapo madereva wazuri wanaoishi hivyo miaka mingi, nami nawaheshimu, lakini kwangu hili si jambo la mazoea. Ni hatari ambayo mnunuzi anaweza kuikataa siku ya kununua, na baada ya hapo hawezi tena.

Kwa nguvu, RAV4 inashinda bila ubishi. Injini yake ya 2AZ-FE ina nguvu farasi 170, na ile ya Suzuki ina 140. Injini zisizo na tabo (turbo) hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, na Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari; kwa hiyo hapa kwetu tunazungumzia kama 150 dhidi ya 123. Tofauti hiyo ilisikika kwenye kila mwinuko. Grand Vitara ilinidai nishuke hadi gia ya tatu, nisubiri nafasi ndefu, halafu ndipo nipite. RAV4 ilipita kwa kukanyaga tu, kwa utulivu na bila kelele nyingi. Viti vyake ni vizuri zaidi, sakafu ya mizigo iko chini na ni pana, na mama aliingia bila kushikwa mkono. Kama tungekuwa tunaishi na kufanya kazi kwenye lami, na kama usukani ungekuwa kushoto, ningeifunga shajara hapa na kwenda kulipa.

Neno moja kuhusu mlango wa nyuma, kwa kuwa hakuna aliyeniambia kabla sijaona mwenyewe: katika magari yote mawili bawaba ziko kulia, kwa kuwa yamebuniwa kwa nchi inayoegesha kushoto. Ukiegesha mbele ya duka hapa kwetu, mlango ulio wazi unasimama kati yako na ukingo wa barabara, na kila gunia unalizungushia upande wa magari yanayopita.

Juni, mwisho

Tumefika kwenye dembo. Hata katika kiangazi kuna sehemu isiyokauka, chini kidogo ya bustani yetu ya mboga, ambapo maji ya umwagiliaji hukusanyika na udongo hubaki mweusi na laini. Kutoka hapo njia inapanda ghafla kati ya vichuguu viwili. Tulipakia magunia ya mahindi yenye uzito sawa katika kila gari, watu tukabaki wawili ndani, na fundi akasimama nje kuangalia magurudumu.

RAV4 ilianza. Nilibonyeza kitufe cha kufunga kiungo, taa ikawaka, tukavuka sehemu laini vizuri kuliko nilivyotarajia. Kwenye mpando mambo yalibadilika. Gurudumu la mbele kulia lilizunguka bure, la nyuma likapokea nguvu kidogo, injini ikapanda mlio huku gari likibaki palepale, kwa sababu CVT haina gia fupi ya kukamata. Nilirudi nyuma, nikaja tena kwa mwendo, na safari hiyo tulipanda. Nataka iandikwe wazi kwamba RAV4 ilipita. Ilidai mwendo tu, na njia ile inatumiwa na wanawake wanaobeba makala (makaa) na watoto wanaotoka shule. Mwendo ndicho kitu nisichotaka kuleta mahali pale.

Kisha Grand Vitara. Kuingia gia ya chini kunataka utaratibu: gari lisimame, gia iwekwe huru, klachi ikanyagwe, halafu kitufe cha mviringo kilicho kwenye dashibodi kisukumwe na kuzungushwa hadi 4L LOCK, yaani gia ya chini huku difu ya katikati ikiwa imefungwa. Taa ya kijani ilimeta kwa sekunde chache, chini yetu kikasikika kitu kikijifunga, taa ikatulia. Niliweka gia ya kwanza, nikaachia klachi, nikaondoa miguu yote miwili kwenye pedali. Gari lilitambaa lenyewe katika tope, likafika kwenye mpando, likapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea na mzigo kichwani. Gurudumu moja lilichimba kidogo halafu likashika. Fundi hakusema kitu, alitikisa kichwa kukubali.

Mfumo huu nao una mipaka, na nimemweleza yaya ili asije akaamini muujiza. Kinachofungwa ni difu ya katikati peke yake. Likining'inia gurudumu moja la mbele na moja la nyuma kwa wakati mmoja, nguvu itakimbilia hewani na gari litasimama. Tena kufuli hilo halitumiki kwenye lami kavu, kwa sababu kwenye kona magurudumu ya mbele na ya nyuma husafiri umbali tofauti, na yasipopata mahali pa kuteleza yanaikaza shafti na transfa mpaka kitu kivunjike.

Vitabu vinasema RAV4 ina sentimita 19 chini ya tumbo na Suzuki 20. Tulipima kwa futi ya fundi magari yakiwa na mzigo: RAV4 ilikuwa imeshuka hadi 17 kwa sababu ya springi zilizochoka, Suzuki ilikuwa karibu na 19. Tarakimu ya kiwandani ni ya gari tupu na jipya, na gari tunalolinunua si tupu wala si jipya.

Julai

Mwezi huu umekwenda kwenye ukaguzi na vipuri, na hapa Toyota imerudisha heshima yake.

Injini ya 2AZ-FE ya miaka hiyo inajulikana kwa kula oili, kutokana na ringi za pistoni na matundu madogo ya kurudishia oili yanayoziba. Nchini Marekani Toyota iliongeza muda wa dhamana kwa baadhi ya wenye magari kwa sababu hiyo. Kwa hiyo tuliikagua RAV4 kwa makini. Fundi alichomoa stiki asubuhi injini ikiwa ya baridi, akapitisha kidole ndani ya bomba la moshi kutafuta utandu wa oili, kisha akanituma niteremke mteremko mrefu bila kukanyaga mafuta na mwisho nikanyage kwa nguvu, yeye akiangalia kwa nyuma kama utatoka moshi wa bluu. Haukutoka. Giaboksi nayo ilikuwa na mafuta safi, na mwenye gari alikuwa na kopo lililobaki kuthibitisha kwamba alitumia mafuta maalumu ya CVT badala ya ATF ya kawaida (mafuta ya giaboksi za otomatiki), ambayo mafundi wengine huijaza humo na mkanda wa chuma ukaanza kuteleza. Ni gari lililotunzwa.

Grand Vitara ilikuwa na kasoro zaidi. Klachi inashikia juu sana, bushi za mikono ya mbele zimelegea, na matairi manne ni ya chapa tatu. Hilo la matairi si la urembo. Katika gari linalosukuma kwa magurudumu yote wakati wote, tairi lililochakaa lina mzunguko mdogo kuliko jipya, na difu ya katikati inalazimika kufanya kazi kila sekunde hata kwenye njia iliyonyooka. Injini yenyewe ni nzima, inatumia cheni kama ile ya Toyota, si mkanda, na kifaa cha kusoma hitilafu hakikuonyesha kosa lolote.

Nilizunguka maduka ya vipuri nikiuliza vitu vilevile kwa magari yote mawili: pedi za breki, shokapu, beringi, klachi au mafuta ya CVT, chujio. Vya RAV4 vilikuwa rafuni karibu kila duka, vipya na vilivyotumika, na muuzaji aliuliza tu ninataka cha bei gani. Vya Suzuki, pedi na chujio zilipatikana. Shokapu na klachi ni za kuagiza kutoka Zambia au Dubai, kulipa kwanza na kusubiri. Yaya alishika hoja hii kwa mikono miwili. Gari linalopanda dembo halina maana, alisema, likikaa majuma matatu gereji kwa kukosa klachi wakati wa kupanda mahindi. Hakuna jibu la haraka kwa hoja hiyo, kwa kuwa ni ya kweli.

Agosti

Tumeamua, na nataka sababu zibaki hapa kama zilivyokuwa.

Kinachoiinua RAV4 ni starehe, nguvu na vipuri. Kinachoiinua Grand Vitara ni usukani na gia ya chini. Kama ningehesabu hoja moja moja, RAV4 ingeshinda, lakini hoja hizi hazina uzito sawa. Vipuri vinaweza kununuliwa kabla ya kuhitajika, na fedha zipo, kwa sababu mwenye Suzuki alitaka dola 900 pungufu ya mwenye RAV4, na tulipomwonyesha klachi, bushi na matairi alipunguza tena. Upungufu wa nguvu unavumilika kwa kuondoka mapema na kutopita lori hovyo. Usukani wa kulia kwenye barabara ya Likasi hauondolewi kwa fedha wala kwa subira, na gia ya chini hainunuliwi dukani ikaongezwa. Yaya aliafiki kwa sharti moja: klachi iagizwe na ifike kabla hatujamaliza malipo. Mwenye gari alikubali kusubiri.

Kuhusu hati, tulifuata mpangilio uleule tuliojifunza kwa wengine: namba iliyogongwa kwenye chuma cha gari, iliyo kwenye karte roze (kadi ya usajili wa gari) na iliyo kwenye hati za DGDA, idara ya forodha, zisomwe kwa sauti na watu wawili, herufi kwa herufi. Zililingana.

Septemba

Klachi imefika na imefungwa. Fundi amebadilisha oili ya difu mbili, ya transfa na ya giaboksi, na ile ya transfa ilitoka nyeusi kiasi kwamba ameshauri ibadilishwe tena baada ya mvua za kwanza. Matairi matano ya chapa moja na kipimo kimoja yamenunuliwa, la tano likiwa la akiba, kwa sababu tairi la akiba lenye kipimo kingine lingeturudisha kwenye tatizo lilelile la difu. Shokapu za nyuma na beringi moja ya mbele zimeagizwa ziwekwe stoo. Kwa ajili ya mama tumefunga ngazi ndogo ya pembeni upande wa abiria, na fundi ameinua ukingo wake ili usiguse vichuguu.

Kilichobaki ni kubadilisha karte roze iwe kwa jina la yaya, kulipia bima, na kubeba mbolea yote kuvuka dembo kabla ya Novemba.